Mwenye Ardhi Haalikwi

Kambini, 9 Januari

Mdogo wangu Sindano,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya rundo la mashuka, maana kiti pekee cha chumba cha kufulia amekivunja mpishi, na mpishi hakubali kwamba ni yeye. Simu nimeiacha. Mtandao huku unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, na kichuguu chenyewe kina nyoka. Nadhani naye anatafuta mtandao.

Kazi ya kambi ya watalii inakwenda. Juzi mgeni mmoja aliniita mbio hemani kwake, akanionyesha chura bafuni, akataka kujua kama ni wa hatari. Nikamwambia huyo ni mpangaji wa zamani, hana neno na mtu. Akacheka, lakini akaoga na viatu.

Halafu kuna jambo zuri. Meneja amesema mahema yamechoka, turubai limefifia na zipu zinang'ang'ania, kwa hiyo mapya yatashonwa hapo kwenye karakana yenu. Nimejidai mpaka wenzangu wamenikimbia. Ardhi ya baba yangu, mahema ya mdogo wangu, na mkuu wa mahema ni mimi. Bado mbuzi wetu tu hawajapewa cheo.

Sasa sikiliza linalonikaa rohoni. Mkataba wa kambi na wenyeji unasema miezi ya wageni wachache, familia zilizotoa ardhi zina haki ya kuja kulala kama wageni. Wote wameshakuja. Jirani yetu mwenye punda alikuja na wajukuu, wakarukaruka kitandani mpaka chaga zikakatika. Hata yule mzee aliyepinga kambi mkutanoni mpaka akatokwa na povu, alikuja, akala, akalala, na asubuhi akaomba abebe sabuni. Aliyebaki ni Baba. Baba, aliyesimama wa kwanza kabisa akasema, "Anzeni kupima kwangu." Hema namba tatu limesimama palepale lilipokuwa zizi lake, na hajawahi kulitia mguu.

Kumwalika siwezi. Utamwalikaje mtu kwenye ardhi yake mwenyewe? Meneja aliwahi kutaka kumwandikia kadi, nikamkataza. Nikamwambia mwenye ardhi haalikwi, ukimwalika ni kama unamwambia hapa si pako tena.

Na kwenda nyumbani kumuuliza pia siwezi, wewe unajua. Siku nilipochukua kazi hii aliniambia, "Haya, nenda kwa wenyeji wako wapya." Tangu hapo vitu napeleka kwa lori la mboga la kambi, mwenyewe siendi. Nangoja aseme njoo. Zamani nikimfuata nyuma ya ng'ombe kutwa nzima aliniita Kivuli. Sasa sijui ananiitaje.

Wewe ndiye kipenzi chake. Muulize taratibu ana kinyongo gani na mimi.

Dada yako

*

Karakanani, 2 Februari

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, mkono tu ndio umejaa matundu ya sindano, ila jina ulinipa mwenyewe kwa hiyo silalamiki. Barua yako imefika. Lakini Baba, herufi gani zile? Neno moja limejaza mstari mzima. Tajiri wa karakana aliiona mezani akaniuliza kama mzee wangu amefungua kampuni ya mabango. Ukiendelea hivi, salamu peke yake itahitaji rimu ya karatasi.

Tunashona mahema ya kambi ya kwenu. Turubai zito, linavunja sindano kama njiti za kiberiti. Nikawa nawaza, kila mtu huko ameshalala kambini isipokuwa wewe. Kuna nini? Dada anafanya kazi pale na hajawahi kukuona. Niambie ukweli wako, mimi ni mtoto wako.

Msalimie Shangazi. Mwambie bado nakumbuka uji wake, na tumbo langu linakumbuka zaidi.

Sindano

*

Nyumbani, 20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Herufi zangu ziache. Karatasi ni yangu na kalamu ni yangu.

Unauliza kwa nini siendi kambini. Nami nakuuliza, nani ameniita? Ardhi nilitoa kwa mdomo wangu na sijuti. Lakini ukishampa mtu mahali, akaweka geti, akaweka na mlinzi, pale ni kwake. Mtu mwenye haya hapigi hodi kwa mtu kudai kitanda.

Nilikwenda mara moja. Nilinyoa ndevu, nikavaa shati jipya, nikabeba na mkoba. Pale getini mlinzi mmoja mwenye adabu zake akaniuliza, "Mzee, umebuki?" Yaani kama nimeweka nafasi mapema. Sasa ningemjibu nini? Nikamwambia natafuta ng'ombe wangu, mtamba aliyepotea. Maskini ya Mungu, akaacha geti akanisaidia kumtafuta mpaka jua likawa kali. Sina mtamba aliyepotea.

Dada yako alikuwa ndani. Nilimsikia akicheka na watu. Kama angetaka nije angesema, Baba njoo. Hajasema. Na nyumbani haji, wala sijui tumemkosea nini. Ana watu wake sasa.

Haya usimwambie. Ukimwambia ataniita kwa huruma, na mwaliko wa huruma sitaki. Nimekuamini.

Niambie hayo mahema ni ya rangi gani.

Baba yako

*

Karakanani, 3 Machi

Dada yangu,

Nimemuuliza. Mzee hana kinyongo, ana mambo yake tu ya kizee. Mpe muda, atakuja mwenyewe siku moja. Usijitese.

Kazi imetubana. Tunakata turubai sakafuni kwa sababu meza haitoshi, tunatembea juu yake na soksi kama tuko msikitini. Hema namba tatu nimelishona mwenyewe mwanzo mwisho, sikumruhusu mtu kugusa cherehani. Ndani, upande wa kichwani mwa kitanda, nimeweka mfuko mdogo ambao haukuwa kwenye mchoro. Ni wa miwani ya Baba, siku atakayokuja. Unamjua, akilala nayo anaikalia asubuhi.

Mahema yatafika katikati ya mwezi.

Sindano

*

Kambini, 25 Machi

Sindano,

Barua yako imeandikwa kama ya mwanasiasa. "Ana mambo yake." Mambo gani? Nilikulea mgongoni, nakujua unapoficha kitu, unaanza kuongea habari za soksi.

Lakini nimeelewa. Anaona aibu na kazi yangu, ya kutandika vitanda vya watu wengine, naye alitaka niwe mtu wa kukaa nyumbani. Basi. Sitauliza tena, wala usimsumbue tena. Nimeshakuwa mtu mzima, nimeanza mvi, bado nalia kwa ajili ya baba yangu kwenye chumba cha kufulia. Mpishi aliniona akadhani ni sabuni imeniingia machoni, nikamwacha adhani hivyo.

Mahema yamefika, yamesimama vizuri. Mfuko wako nimeuona. Wageni wanaweka simu humo.

Dada

*

Nyumbani, 8 Aprili

Mtoto wa kaka yangu,

Mimi si mtu wa kuandika, utanisamehe. Baba yako amenikataza nisiseme, nami nimemtii mpaka leo, lakini leo amemimina chai pembeni ya kikombe, ikamwagika yote mapajani, halafu akasema kikombe kimetoboka.

Kaka haoni. Mimi nilidhani ni uzee, nikamcheka anapokanyaga kuku. Nimempeleka hospitali kwa nguvu. Daktari amesema ni presha ya macho, ni ya muda mrefu, na kilichokwishaondoka hakirudi. Amempa dawa ya matone, ya kulinda kidogo kilichobaki. Jua likiwaka sana bado anaona mtu amesimama, ila hajui ni nani mpaka aongee. Zile herufi kubwa ulizokuwa unamtania, mwanangu, ndizo alizokuwa akiziona.

Kila lori la mboga likipita anatoka mlangoni. Likishapita anarudi ndani. Hajaniambia anangoja nini.

Fanyeni mnaloweza.

Shangazi yako

*

Karakanani, 11 Aprili

Dada,

Soma barua hii ukiwa umekaa.

Baba anapofuka. Shangazi ameniandikia. Kinachoondoka hakirudi, na kilichobaki ni kidogo.

Na sikuwa nimekuambia ukweli. Baba haoni aibu na wewe hata chembe. Anangoja umwalike! Basi, ni hilo tu, miaka yote hii. Anasema mtu mwenye haya hapigi hodi kwa watu. Aliwahi kuja getini, Dada, na shati jipya na mkoba. Mlinzi akamuuliza kama amebuki, akajibu anatafuta mtamba. Alikusikia ukicheka ndani akarudi nyumbani.

Aliniapisha nisikuambie. Nikakaa kimya kama mjinga, nikaona ni heshima. Ningekuambia mwezi wa pili angekuja mwezi wa pili, na macho yake. Mimi nilikuwa nashona mfuko wa miwani na kumcheka mzee herufi zake. Sijui nijiambie nini.

Mwalike. Usimwambie mlango uko wazi. Andika kabisa, jina la baba, siku, namba ya hema, muhuri wa kambi kama upo. Mwalike leo.

Sindano

*

Kambini, 13 Aprili

Kwa Baba yangu,

Shikamoo.

Kwa niaba ya kambi, na zaidi kwa niaba yangu mimi mwenyewe binti yako, nakualika uje ukae nasi. Hema lako ni namba tatu. Limeshonwa na mwanao na nitalitandika mimi, simwachii mtu. Lori litakuja kukuchukua mlangoni. Getini hakuna atakayekuuliza kitu.

Baba, nilidhani mwenye ardhi haalikwi. Nilidhani nikikualika nitakuvunjia heshima, kumbe kwa kutokukualika ndivyo nilivyokuwa nakufungia mlango. Nisamehe. Sikualiki kwa huruma. Nimetaka uje tangu siku ya kwanza kigingi cha kwanza kilipopigwa.

Njoo, Baba. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Binti yako

*

Nyumbani, 24 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Mwaliko wako nimeupata leo. Mvua imekata kivuko na lori lilikaa ng'ambo ya mto wiki nyingi, dereva amenikabidhi bahasha imelowa na kukauka mara mbili. Shangazi yako amenisomea, nikamwambia arudie, akarudia, nikamwambia tena, akasema sasa ameshaijua kwa moyo atanisomea akiwa anapika.

Nakubali mwaliko. Nitakuja maji yakipungua. Nitakaa siku mbili, ya tatu mnipe jembe, ndivyo walivyosema watu.

Naandika mwenyewe. Kama mistari imepandana, itenganishe.

Baba yako

*

Kambini, 15 Juni

Mdogo wangu,

Baba amekuja.

Alikaa mbele kwenye lori, mkoba mapajani, mgongo umenyooka kama anakwenda kupigwa picha. Getini alikuwa mlinzi yuleyule. Akamsaidia kushuka, akamwambia, "Karibu Mzee. Yule mtamba alipatikana?" Baba akacheka mpaka akashika mlango wa lori. Akasema, "Alipatikana. Ndiye aliyeniandikia barua." Nikawa nimesimama palepale mbele yake, nimevaa sare mpya, nikingoja anitazame. Akageukia nguzo ya geti akaisalimia. Nikasema, "Baba, niko huku," na hapo ndipo nilipoelewa, Sindano, maana mpaka dakika ile nilikuwa bado najidanganya.

Nilimfungulia mkoba kama ninavyowafungulia wageni. Sabuni iliyokuwemo imekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Shangazi aliyemsindikiza akaninong'oneza kwamba mkoba ule ulifungashwa mwaka kambi ilipofunguliwa, na haujawahi kufunguliwa isipokuwa kutoa shati siku ile ya mtamba na kulirudisha. Ndilo alilovaa. Sasa kola inamzidi, shingo imekonda. Nilikunja nguo zake nikaweka rafuni, na mikono yangu, iliyotandika vitanda vya watu wa dunia nzima, ikawa haijui pa kushika.

Nilikuwa nimefungua turubai pande zote ili aone mto, na kilima, na mahali pale ng'ombe walipokuwa wakishukia. Nilihangaika nalo asubuhi nzima, unajua mtu anavyofanya kazi ili asifikiri. Akakaa kibarazani, akauliza, "Umefungua?" Nikasema nimefungua. Akasema, "Haya, niambie."

Nikamwambia. Twiga wawili ng'ambo, maji yamejaa mpaka kwenye mawe, nyasi zimerudi. Nikamwambia hema ni rangi ya kahawia, maana anasema alikuuliza na hukumjibu. Kila mgeni anayekuja namweleza mto ule na sijawahi kukosa maneno, lakini kwa Baba yaliniishia upesi. Alitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza habari za nchi ambayo hataifika.

Halafu akasimama, akalipapasa hema lako lote kwa vidole, polepole, mshono kwa mshono. Akasema, "Huu ni wa Sindano. Anauvuta uzi sana upande wa kushoto, hivyo hivyo alivyokuwa akinitia viraka vya suruali." Alipofika kichwani mwa kitanda akaukuta mfuko. "Na huu wa nini?" Nikamwambia, Baba, Sindano aliuweka kwa ajili ya miwani yako. Bado anavaa ile miwani, kwa mazoea tu. Akaivua, akaitia mfukoni mle, akapiga kidogo kwa kiganja. Akasema, "Ilale hapo. Nyumbani haina kazi."

Jioni nilimuuliza kuhusu wenyeji wapya. Nilikuwa nimeapa sitamuuliza, nikamuuliza. Akashangaa kabisa. "Nilisema hivyo? Nilikuwa nakutania mwanangu, ulikuwa umevaa sare imekupwaya." Nikamwambia basi kwa nini hukusema nije nyumbani, hata mara moja? Akasema, "Mtoto nimwalike kwao? Mtoto haalikwi."

Ni maneno yangu yale yale, Sindano. Ndiyo niliyomwambia meneja nikijiona najua heshima. Nililia, na safari hii sikusingizia sabuni. Akaninyooshea mkono, akanishika uso, akapita kwenye paji, kwenye nywele. Nikamwambia, Baba, nina mvi. Akasema, "Mimi nakuona ulivyotoka nyumbani." Alisema ili kunifariji, lakini moyo uliniuma. Ningekwenda hata mwaka jana, angeniona nilivyo.

Usijilaumu peke yako. Lawama hii tutagawana, inatutosha wote na nyingine inabaki. Siku ya tatu alipoondoka alidai jembe lake getini, mlinzi akamletea fagio. Miwani imebaki hemani. Nimewaambia wahudumu mfuko ule usiguswe, na wageni waweke simu zao kwingine.

Dada

*

Nyumbani, 2 Julai

Mwanangu Sindano,

Mwandiko huu si wangu, ni wa Kivuli. Niko naye hapa, amekaa kwenye kiti cha Shangazi yako na Shangazi yako amenuna. Nilipoondoka kambini nilimwalika rasmi mbele ya meneja, kwa jina na siku, asije akaniambia hakusikia. Akaomba likizo akaja. Usiku wa kwanza, kwa mazoea ya kazi yake, alikwenda kukunja shuka la mgeni aliyelala sebuleni, akakuta mgeni ni mimi, nimesinzia kwenye kochi.

Hema lako ni zuri. Nimelala ndani yake vizuri kuliko nilivyotaka, nikaota bado ni zizi. Zipu nimeziweza. Waambie wenzako hapo karakanani kwamba mzee asiyeona amelifungua bila kusaidiwa, watangaze hilo kwenye mabango.

Sitakudanganya kwamba sijuti. Nilijiona mtu mwenye haya, kumbe nilikuwa na kiburi kilichovaa shati jipya. Mimi nilingoja kuitwa, macho hayakunisubiri. Ningependa kuwaona nyie wawili mara moja tena, mmekaa pamoja mnagombania kitu. Hilo limepita. Lakini masikio ni mazima, na mkiwa mnagombana nawasikia vizuri.

Dada yako anasema nawe una karibu miaka minne hujaja, na kwamba unangoja uitwe kwa sababu mara ya mwisho nilikwambia usirudi bila suruali yangu uliyoiunguza kwa pasi. Sikumbuki hiyo suruali. Sasa sitaki mtu yeyote wa nyumba hii angoje tena kitu chochote.

Nimemwambia aandike neno linalofuata kwa herufi zangu mimi, lijaze ukurasa uliobaki, hata tajiri wako alisome akiwa mlangoni.

NJOO.

Baba yako